Bwate ya otomatiki: namna ya kuitosha na kuirudisha bila kuumiza mutu wala kuharibu gari

Ndani ya miji ya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia na Uvira, gari nyingi zinazopita barabarani zilitumiwa kwanza Japani, kisha zikaingia nchini kwa njia ya bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Nyingi kati yazo ziko na bwate ya vitesi ya otomatiki, ile isiyokuwa na pedali ya ambreyaji. Dereva anaweka D, anakanyaga mafuta, gari inakwenda. Lakini siku bwate inaanza kuteleza, kugonga ao kukataa kurudi nyuma, mwenye gari anajikuta mbele ya kazi moja kati ya zile nzito zaidi za garaji: kutosha bwate chini ya gari, kuitengeneza ao kuibadilisha, na kuirudisha mahali pake.

Kazi hii iko na hatari mbili. Ya kwanza ni ya mutu: fundi analala chini ya gari inayopita tani moja, na anashusha chuma ambacho watu wawili wanakibeba kwa shida. Ya pili ni ya bwate yenyewe: kosa moja dogo wakati wa kuirudisha linavunja pompe yake hata mbele gari haijatembea mita moja. Hatari hizo zote mbili zinaepukwa na vyombo ambavyo garaji ndogo inaweza kupata, na kutokukimbia. Hatua zinazofuata zinaweza kusaidia fundi kijana anayejifunza, na pia mwenye gari anayetaka kujua ni kazi gani inafanywa juu ya mali yake.

Bwate ya otomatiki inatumika namna gani

Motere inaendelea kuzunguka hata gari ikisimama. Kwa gari ya manieli, ambreyaji njo inatenganisha motere na bwate. Kwa gari ya otomatiki, kazi hiyo inafanywa na konvertisere. Ni kama chungu cha chuma cha duara, kilichofungwa pande zote na kujaa mafuta, katikati ya motere na bwate. Ndani muko mapanga ya pande mbili: upande wa motere unasukuma mafuta, na mafuta hayo yanazungusha upande wa bwate.

Kwa mbele, konvertisere inafungwa na bulo juu ya plato, sahani nyembamba ya chuma iliyoko nyuma ya motere. Kwa nyuma, shingo yake inaingia ndani ya bwate na kuzungusha pompe ya mafuta. Pompe hiyo iko kama moyo wa bwate: bila presha yake hakuna vitesi inayoingia. Ni kwa sababu hiyo gari ya otomatiki iliyoharibika haivutwi na kamba kwa mwendo murefu, magurudumu yanayoisukuma yakiwa chini. Motere ikiwa imezimwa, pompe haizunguke, bwate inazunguka bila kupata mafuta ya kufaa, na inaungua. Afazali kuipakiza juu ya kamyo. Kwa gari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, fundi anaweza kutosha kwanza kardani.

Bwate ya otomatiki kamili ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ilikuwa Hydra-Matic ya kampuni General Motors ya Marekani, mwaka 1939, kwa gari za Oldsmobile. Ndani ya Toyota za zamani kama Hilux Surf na Prado, mara nyingi munakutwa bwate za familia ya A340, za vitesi 4. Hizo zinalala kwa urefu wa gari, kuanzia motere kuelekea nyuma. Bwate za RAV4, Corolla ao Ist zinalala kwa upana, pamoja na vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele. Hatua zinazoelezwa hapa zinafuata zaidi ile ya kwanza, na tofauti kubwa za ile ya pili zinaonyeshwa pale zinapotokea.

Mbele ya kutosha, kuhakikisha

Bwate nyingi zinatoshwa bure. Gari inayochelewa kuingia D inaweza kuwa na mafuta kidogo tu. Inayogonga inaweza kuwa na waya uliokatika, ao elektrovani iliyokufa, ambayo mara nyingi inabadilishwa kwa kufungua kartere ya chini, bila kushusha bwate yote. Kabule ya levye iliyolegea inaweza kufanya gari ikatae P ao R.

Fundi mwenye akili anaanza na fimbo ya kupimia mafuta, ile inayoitwa joji. Anaangalia kiasi, rangi na harufu. Mafuta mazuri ni mekundu na yanapenyeza mwangaza. Yakiwa meusi na kunuka moto, ndani kuna kitu kimeungua. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya radiatere yameingia. Kisha anaangalia taa za tablo. Kwa Toyota nyingi, taa ya O/D OFF inayowaka na kuzimika yenyewe inaonyesha kama ordinatere ya gari imeandika kosa fulani. Kosa hilo linasomwa kwa mashini mbele ya kushika kle.

Gari isianguke

Kriki ni ya kuinua gari, haiko ya kuishikilia. Mafuta ya ndani yake yanaweza kukimbia wakati wowote, na gari inashuka mara moja. Mbele mutu hajaingia chini, gari inapaswa kukaa juu ya shandeli 4, ile miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, zikiwa chini ya shasi ao mahali pagumu palipoonyeshwa na kiwanda. Matofali yanapasuka bila kuonya. Kisiki cha muti kinapasuka. Jante zilizopangwa juu ya zingine zinateleza. Mawe ya volkeno, ambayo yanaonekana kuwa magumu, yanavunjika pembeni na kupinduka.

Udongo wenyewe unaomba uangalifu. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya moto wa Nyiragongo, pamoja na yale yaliyoingia ndani ya muji mwaka 2002. Juu ya mawe hayo, muguu wa shandeli unaweza kukaa juu ya ncha tatu tu. Bukavu, kwa upande wake, iko juu ya milima, na garaji iliyo kwenye tambarare ni bahati. Wakati wa mvua, shandeli inazama ndani ya matope kidogo kidogo bila mutu kuona. Kwa hiyo fundi anatafuta kwanza mahali pa kulingana, kisha anatia chini ya kila shandeli ubao munene na mupana ao sahani ya chuma.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wa siku nyingi wanalifanya: kuamini P. P haifunge magurudumu. Inafunga chuma cha ndani ya bwate. Siku kardani inatoshwa, ao magurudumu yanayosukuma gari yanainuliwa, P haishikilie kitu tena, na gari iko huru kutembea. Mbele ya kuinua, freni ya mukono inavutwa, na magurudumu yatakayobaki chini yanawekewa kizuizi mbele na nyuma.

Gari ikisha kuwa juu ya shandeli, fundi anaisukuma kwa nguvu toka pembeni akiwa angali inje. Ikitikisika, anaishusha na kuanza upya. Afazali ianguke wakati hakuna mutu chini. Magurudumu yaliyotoshwa yanalazwa chini ya shasi: gari ikishuka, yatabakiza nafasi ya mutu kupumua. Na mutu hafanye kazi hii peke yake. Lazima mwengine awe karibu, mwenye kuona na kusikia.

Kutosha, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kutosha waya wa upande wa kutoa wa batiri. Demarere iko na waya munene ambao umeme wake unakuwapo hata kontakte ikiwa imezimwa. Kle ikigusa waya huo na shasi pamoja, inatoa moto mukali, na petroli haiko mbali.

Kisha gari inaachwa ipoe. Mafuta ya bwate na tiyo ya moshi vinachoma sana. Mafuta yanamwangwa ndani ya bidoni safi, na fundi anaangalia kiasi gani kilitoka. Unga wa rangi ya kijivu kidogo juu ya sumaku ya kartere ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho vinaonyesha kama bwate imevunjika ndani.

Kardani inatiwa alama ya rangi pale inapoungana na difere, ili irudi vile vile ilikuwa. Ikirudishwa vingine, gari inaweza kutetemeka. Kwa gari ya 4x4, kuna kardani mbili, na bwate ndogo ya nyuma inashuka pamoja na ile kubwa. Kwa RAV4 na ndugu zake, mikono miwili ya magurudumu ya mbele njo inatoshwa.

Kunafuata tiyo ya joji, waya wa vitesi, kabule ya levye na tiyo mbili zinazopeleka mafuta kupoa ndani ya radiatere. Kila mudomo wa tiyo unafungwa na plastiki safi: chembe moja ya muchanga inaweza kuziba njia ndogo za ndani. Kila prize ya umeme inapigwa picha kwa simu ao kutiwa alama, na bulo za kila sehemu zinawekwa ndani ya bwate yake ya konserve. Bulo zinazofunga bwate na motere haziko na urefu mumoja. Bulo ndefu ikitiwa mahali pa fupi, inaweza kupasua aluminiumu.

Demarere inatoshwa. Sasa bulo za konvertisere zinaweza kufikiwa, mara nyingi kwa tundu dogo la chini. Kwa familia ya A340 ziko 6. Fundi anazungusha motere kwa kle juu ya bulo ya puli ya mbele, pole pole, na bulo zinapita moja moja mbele ya tundu. Hakuna ruhusa ya kuzungusha motere kwa demarere wakati mikono ya mutu iko ndani. Zikisha kutoka zote 6, konvertisere inasukumwa nyuma kuelekea bwate: inapaswa kushuka pamoja na bwate, isibakie kwenye plato.

Mbele ya kufungua bulo kubwa za mwisho, vitu viwili vinatiwa chini. Motere inategemezwa na ubao na kriki, sababu bila bwate inainama kwa nyuma, na vantilatere inaweza kupasua radiatere. Kwa gari ya bwate ya upana, motere inashikiliwa zaidi toka juu, kwa chuma kinachopita juu ya kapo, sababu bwate njo ilikuwa inabeba upande wake mumoja. Bwate yenyewe inawekwa juu ya kriki ya magurudumu yenye sahani pana, na kufungwa na mukanda ao munyororo. Bwate ya gari ndogo inapima mara nyingi kilo 60 mpaka 80. Ya jipu pamoja na bwate yake ya 4x4 inaweza kupita kilo 100. Wako mafundi wanaoipokea juu ya kifua. Chuma hicho kikiteleza, kinavunja mbavu ao mukono.

Bulo za mwisho zikifunguliwa, bwate inarudishwa nyuma sawasawa, bila kuinama kwa mbele. Ikiinama, konvertisere inateleza na kuanguka pamoja na mafuta yake yote. Kipande cha chuma kinachofungwa mbele yake na bulo moja kinaizuia.

Konvertisere: pale bwate mupya inakufa

Siku ya kurudisha njo siku ya kosa la bei kali. Konvertisere inapaswa kuingia ndani ya bwate mpaka mwisho. Ndani muko vyuma vitatu vinavyoingiliana nayo kimoja kisha kingine: munara wa kuingiza nguvu, munara wa katikati usiozunguka, na meno ya pompe. Fundi anapakaa mafuta safi juu ya shingo, anasukuma huku anazungusha kushoto na kuume. Anasikia inaingia mara moja, kisha tena, kisha tena. Wengi wanaacha kwa mara ya pili, wanazani imefika.

Kuna njia ya kuhakikisha. Chuma kilichonyooka kinalazwa juu ya uso wa bwate, pale inapogusana na motere. Kutoka hapo inapimwa mpaka kwenye matundu ya bulo ya konvertisere. Kitabu cha gari kinatoa milimita zinazoombwa. Bila kitabu, fundi anapima mbele ya kutosha konvertisere ya zamani ndani ya bwate, na kuandika. Hesabu ikikosekana hata milimita chache, haijaingia.

Wakati huo huo vinaangaliwa vitu ambavyo havitaonekana tena: spi ya nyuma ya motere, spi ya mbele ya bwate, plato kama haina ufa, na goji mbili ndogo zinazolinganisha bwate na motere. Spi ni ya bei ndogo. Kuifikia upya kunaomba kazi yote tena.

Bwate inapandishwa pole pole mpaka uso wake unagusana na motere kwa mukono tu. Hapa hakuna kulazimisha. Ikiwa pamebaki nafasi, kuivuta kwa bulo ni kusukuma konvertisere juu ya pompe: pompe inapasuka siku hiyo hiyo, ao motere inakataa kuzunguka. Bwate inarudishwa nyuma na kutafutwa sababu. Nyuso zikigusana vizuri, konvertisere inapaswa kuzunguka kwa kidole, na kuwa na nafasi ya milimita chache mbele yake na plato. Fundi anaivuta mbele mpaka iguse plato, kisha anafunga bulo zake. Kwa Toyota fulani, bulo moja iko na rangi tofauti: hiyo njo inaingia ya kwanza, ili ilinganishe zingine. Zote zinaanza kwa mukono, na zinamalizwa kwa kle inayopima nguvu.

Mafuta na jaribio

Kama bwate ya zamani iliungua, radiatere na tiyo zake zinaoshwa mbele ya kuunganishwa. Uchafu wa bwate iliyokufa unabaki humo, na unaingia ndani ya ile mupya siku ya kwanza.

Mafuta yote mekundu hayako sawa. A340 za zamani ziliomba Dexron II ao III. Toyota zingine zinaomba T-IV, na za nyuma zaidi WS. Bwate ya CVT, isiyokuwa na vitesi za kuhesabu, iko na mafuta yake yenyewe, na ya otomatiki ya kawaida yanaiharibu. Jina linasomwa juu ya joji ao ndani ya kitabu, si kwa rangi ya bidoni sokoni.

Kwa familia ya A340, lita 4 ao 5 zinatiwa mbele ya kuwasha. Magurudumu yakiwa na vizuizi na muguu juu ya freni, motere inawashwa, na mafuta yanaongezwa mara moja, sababu konvertisere inayameza. Hakuna mutu chini ya gari wakati huo. Levye inapitishwa pole pole P, R, N, D, 2, L, na kurudi P. Kipimo cha kweli kinachukuliwa mafuta yakiwa moto, karibu digri 70 mpaka 80, motere ikizunguka: yanapaswa kufika alama ya HOT. Yakizidi, yanatoa povu. Yakipunguka, bwate inateleza na kuungua.

Jaribio la mwisho ni la usalama. Gari inapaswa kuwaka kwa P na N tu. Ikiwaka kwa D ao R, haitoke garaji. Siku moja itaruka mbele ya mutoto ao ya ukuta. Kisha kilomita chache, mafuta yanapimwa tena, na chini ya gari panaangaliwa kama hakuna tone. Mafuta ya zamani yanakusanywa ndani ya bidoni. Kwa Goma na Bukavu, yale yanayomwangwa ndani ya mifereji yanafika ziwa Kivu, mahali watu wengi wanachota maji.

Kununua bwate ya okazyo

Bwate nyingi zinazouzwa mashariki ni za okazyo, zingine zikitokea Kampala ao Dubai. Mbele ya kulipa, mwenye gari anasoma kibao cha chuma kilichoko ndani ya kapo ao kwenye mulango. Kwa Toyota, kando ya maneno TRANS/AXLE kunaandikwa jina la bwate, kwa mufano A340F ao U241E. Kwa A340, herufi ya mwisho F inaonyesha bwate ya 4x4. A340E haiko. Kwa macho zinafanana, lakini moja haiingie mahali pa ingine.

Mwenye gari haombwe kuwa fundi. Lakini iko na haki ya kuuliza maswali machache mbele ya kuacha kontakte yake: Kosa lilisomwa kwa mashini? Shandeli ziko ngapi? Konvertisere itapimwa na nini? Radiatere itaoshwa? Mafuta gani yatatiwa? Fundi anayejua kazi yake anajibu bila kukasirika. Yule anayesema shandeli ni kupoteza wakati, afazali gari isibakie kwake, kwa faida ya gari na kwa faida ya yule kijana atakayetumwa kulala chini yake.